Mwanao Akitaka Kusomea Mashine za Hospitali

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi na lishe ya watoto. Mwezi huu tunazungumza juu ya masomo, kwa sababu wazazi wamekuwa wakituuliza. Kijana amemaliza kidato cha sita, amefaulu fizikia na hisabati, naye anasema anataka kusomea uhandisi wa vifaa tiba. Mzazi anashangaa. Hiyo ni kazi gani? Je, atakuwa daktari?

Hapana, hatakuwa daktari. Wala hatakuwa muuguzi, wala fundi wa redio kama mzee mmoja alivyotutania. Atakuwa mtu anayejua mashine zinazomhudumia mgonjwa, na anayemjua mgonjwa kiasi cha kuelewa mashine hizo zinamfanyia nini. Katika vyuo vya kwetu shahada hii huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma hisabati, umeme na elektroniki kama mhandisi mwingine yeyote, na papo hapo husoma jinsi moyo unavyosukuma damu na mapafu yanavyovuta hewa. Hapa Afrika Mashariki inafundishwa, kwa mfano, katika Chuo cha DIT na Chuo Kikuu cha Muhimbili huko Dar es Salaam, Makerere na Mbarara nchini Uganda, na Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya.

Tuchukue mfano wa mashine ya kuzalisha oksijeni, ile inayokaa kando ya kitanda. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21 tu. Mashine huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika chembe za madini yaitwayo zeolaiti, nazo hunasa naitrojeni, na inayobaki huwa na oksijeni zaidi ya asilimia 90. Sasa chujio la vumbi lisiposafishwa, mashine hupata joto, pampu huchoka na oksijeni hupungua. Lakini taa inaendelea kuwaka na mngurumo unasikika vilevile! Muuguzi anaamini mtoto anapata oksijeni, kumbe anapulizwa hewa isiyotofautiana sana na ya dirishani. Anayeweza kugundua hilo ni mtu mwenye kipimo mkononi na aliyefundishwa kukitumia. Ni hospitali ngapi zetu zina mtu huyo?

Mwaka 2011 Profesa Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwenzake walitoa hesabu ya vifaa vya hospitali katika nchi maskini. Katika kila vifaa 100, karibu 40 vilikuwa havifanyi kazi. Aliyewahi kufungua stoo ya hospitali zetu hatashangaa. Mle mna vitanda vya umeme visivyonyanyuka, mashine zilizotoka nchi yenye umeme wa volti 110 zikachomekwa kwenye volti 230 na kuungua siku ile ile, na nyingine ambazo bado zimo katika maboksi kwa kuwa maelezo yake yameandikwa kwa lugha asiyoijua mtu yeyote pale.

Profesa huyo huyo alikuwa ametoa utafiti mwingine mwaka 2010, na huo tunauona ni wa maana zaidi kwetu. Ulichunguza maombi ya matengenezo 2,849 kutoka hospitali 60 katika nchi 11. Kati ya vifaa vilivyokuwa vimekufa, asilimia 72 vilifufuliwa bila kuagiza kipuri chochote kutoka nje. Na katika kila matengenezo manne, moja lilihusu tu kuifunga mashine vizuri au kumfundisha anayeitumia. Waliofanya utafiti huo walisema theluthi mbili ya vifaa vilivyokufa vingeweza kutengenezwa kwa ujuzi wa msingi wa umeme, mabomba na mota, ujuzi ulio chini kabisa ya ule wa mwenye shahada.

Hapo mzazi mwerevu atatuuliza: basi kwa nini nilipe ada ya miaka minne? Ni swali la haki, na hatutalikwepa. Kama hospitali yako haina mtu yeyote wa vifaa, anza na fundi sanifu mwenye stashahada. Vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha vinawafundisha. Huyo atakuokolea fedha tangu mwezi wa kwanza. Tunawaambia hivyo hata viongozi wa hospitali za jimbo, ambao mara nyingine wanatafuta mtu mwenye cheti kikubwa wa kuonyesha wageni, huku bomba la mtambo wa kutakasia vyombo vya upasuaji linavuja.

Mwenye shahada ana kazi nyingine. Ndiye anayepaswa kukaa mezani kabla mashine haijanunuliwa, aulize vipuri vitatoka wapi na umeme wetu unaokatika utaifanyaje. Ndiye wa kusoma barua ya mfadhili na kumjibu kwa adabu kwamba asilete. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa mwaka 2011, na moja ya kanuni zake ni kwamba kisichofaa kwa ubora huko kinakotoka hakifai kupelekwa kwa mwingine. Lakini kukataa kunahitaji mtu anayejua anachokataa. Paroko hawezi, na daktari mara nyingi hawezi.

Tena huyo anaweza kubuni. Katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wanafunzi wa shahada ya kwanza walipewa tatizo la watoto njiti wanaoshindwa kupumua katika hospitali zisizo na uwezo. Walichukua pampu za kupulizia hewa katika matangi ya samaki wa mapambo. Hewa inapita puani mwa mtoto, na ncha ya pili ya mpira inazamishwa ndani ya maji, na kina cha maji ndicho kinachoamua nguvu ya hewa inayoyazuia mapafu yasijifunge. Kifaa hicho kilijaribiwa Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliopona kwa kifaa hicho walikuwa asilimia 71, na waliopewa oksijeni peke yake asilimia 44. Kinaitwa Pumani, jina la Kichewa ambalo Mswahili halihitaji mkalimani.

Wanafunzi hao walifaulu kwa sababu waligusa vitu. Hapa ndipo tuna mashaka na baadhi ya masomo ya kwetu. Tumekutana na vijana wenye shahada wanaoweza kuchora mchoro wa mashine ya eksirei ubaoni lakini hawajawahi kufungua hata moja. Mzazi, kabla ya kulipa ada, nenda chuoni uombe kuonyeshwa karakana. Uliza wanafunzi wanakaa wodini wiki ngapi kwa mwaka. Wakikuonyesha kompyuta tu, fikiri mara mbili. Na kama ni binti yako anayetaka kozi hii, usimwambie bisibisi ni ya wanaume.

Kuna jambo moja gumu zaidi, nalo ni ajira. Hospitali nyingi hazina nafasi ya mhandisi katika bajeti zao, hivyo wahitimu wanaishia kuuza mashine badala ya kuzitunza. Mkurugenzi anayesema hana fedha za mshahara huo afungue stoo yake, ahesabu bei ya vilivyolala humo, kisha alete hesabu hiyo katika kikao kijacho cha bodi.