MAMBO YA NYUMBANI: Mkaidi wa Sebuleni



Juma lililopita tulizungumza habari za kuhifadhi nafaka zisiliwe na fukusi katika majira haya ya mvua, na nilikuwa nimekusudia juma hili tuendelee na mahindi. Lakini nyumbani kwangu kumetokea jambo lililonilazimisha kuyaweka mahindi kando. Najua wapo watakaosema kwamba habari za mbwa si za ukurasa huu, kwa kuwa mahali pa mbwa ni uani. Nami nilikuwa wa kwanza kusema hivyo. Hata hivyo, mijini mwetu viwanja vimekuwa vyembamba, na jamaa wengi sasa wanafuga mbwa wadogo wanaolala ndani pamoja na watu. Basi yafaa tulizungumze jambo hili kwa uwazi, maana si la mzaha tu. Kwetu lilikaribia kumvunja mtu mfupa.

Mwishoni mwa Septemba, mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi pamoja na mume wangu alihama nchi, akatuachia kitoto cha mbwa chenye umri wa majuma 10. Ni wa kizazi kiitwacho Dachshund, aina ile ndogo ambayo hata ikikomaa haizidi kilo 5 hivi: mwili mrefu, miguu mifupi, masikio yaliyolala. Siku ile alienea ndani ya kiatu cha mume wangu. Watoto, kwa utundu wao, wakampa jina la Tembo.

Tembo alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kujua majina ya watu wote nyumbani. Jambo moja tu alilikataa, nalo ni kujisaidia nje. Nilikuwa nikimtoa uani asubuhi na mapema, nikasimama naye katika umande robo saa nzima. Atanusa majani, atatazama kuku wa jirani, atakaa kitako na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na haja. Tukirudi ndani, kabla sijafunga mlango, mkeka umekwisha kulowa. Nikashauriwa nimtandikie magazeti sakafuni. Alilichana gazeti vipande vipande, kisha akakojoa kando yake. Nakiri mbele ya mhariri wangu kwamba ukurasa uliochanwa ulikuwa huu huu.

Majirani nao hawakukosa maneno. Mmoja aliniambia nimsugue pua katika uchafu wake. Mwingine alinipa ufito. Wote walinikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa aibu naandika kwamba niliyafuata mashauri yote mawili. Matokeo yake Tembo hakuacha kukojoa ndani; aliacha kukojoa mbele yangu. Akawa anajificha nyuma ya kabati, chini ya vitanda, na hasa katika ujia wa vyumbani, mahali ambapo usiku hapana taa.

Wakati huo baba mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka kwao milimani kuja kutibiwa macho. Usiku mmoja, yapata saa 9, alitoka chumbani kwenda msalani. Ujia wetu ni wa saruji iliyosuguliwa, na Tembo alikuwa amekwisha kupita. Tulisikia kishindo. Tulipowasha taa tulimkuta mzee amekaa chini, ameushika mkono wake, wala hasemi neno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwetu aliyenusurika kuvunjika guu alikuwa mkuu mwenyewe. Mungu alijalia, ikawa ni kifundo cha mkono kilichoteguka tu.

Asubuhi yake mume wangu alitoa hukumu: ikifika Jumapili, mbwa aondoke. Nami sikupinga, moyoni nilishukuru. Binti yetu wa miaka 9 alikataa chai, akakaa kizingitini akimkumbatia Tembo, machozi yakimtiririka. Ndipo mzee alipotuita sote sebuleni, mkono wake umefungwa kitambaa.

Wasomaji wanajua kwamba kwa desturi zetu mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi mambo ya msalani. Mzee alikohoa, akatazama ukutani, akasema: "Mwanangu, tangu nije hapa mimi huamka mara tatu kila usiku. Hakuna aliyeniita mkaidi. Uzee umekipunguza kibofu changu. Huyu utoto bado haujakikuza chake. Tofauti yetu ni kwamba mimi najua kufungua mlango. Nipeni majuma mawili."

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kwamba kwa majuma kadhaa mzee alikuwa akipapasa ukuta gizani na macho yake mabovu, wala sisi wenye nyumba hatukuwa tumemwekea hata taa. Taa iliwekwa siku ile ile.

Mzee hakuwahi kufuga mbwa wa ndani, lakini amekuza ndama maisha yake yote. Jambo la kwanza alilofanya ni kumpa mjukuu wake daftari na kumwambia aandike saa Tembo anapoamka, anapokula, anapocheza na anapokojoa. Baada ya siku tatu mtoto alitusomea daftari lake, nasi tukastaajabu. Mkaidi wetu alikuwa na ratiba kuliko watumishi wengi wa ofisini. Alikojoa kila alipoamka usingizini, hata ule wa mchana. Kama robo saa baada ya kula. Mara tu baada ya michezo ya vishindo. Na usiku kati ya saa 9 na saa 11. Mimi nilikuwa nikimtoa nje saa zinazonifaa mimi: kabla ya kwenda kazini, na nirudipo.

Baadaye nilimwuliza daktari wa mifugo, naye akaniunga mkono kwa elimu yake. Alisema kitoto cha mbwa hakizaliwi na uwezo wa kuzuia haja. Uwezo huo huja polepole. Kwa kukadiria, mchana kinaweza kujizuia kwa saa zilizo sawa na miezi ya umri wake, ukiongeza moja. Na wale wa vizazi vidogo huwa pungufu ya hapo, kwa kuwa vibofu vyao ni vidogo. Mbwa wengi hushika adabu wanapofikia miezi minne hadi sita, lakini hawa wadogo huweza kukawia zaidi. Kuhusu ukaidi wa Dachshund, ana asili yake. Wajerumani waliwakuza mbwa hawa ili waingie mashimoni kumfuata mnyama mmoja wa Ulaya anayefanana na nyegere. Humo shimoni hapana bwana wa kumwelekeza. Mbwa hulazimika kuamua peke yake. Anapokaa kitako uani na kunitazama, anafanya kile alichozaliwa kukifanya.

Haya basi, ndiyo niliyojifunza, nami nayatoa kwa yeyote mwenye mgeni wa namna hii.

Kwanza, mtoe nje kwa saa zake, si kwa saa zako: aamkapo, baada ya kila mlo, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Akiwa bado mdogo sana, ongeza na kila baada ya saa moja au mbili. Chakula nacho kiwe na saa maalumu, kwani aingizaye bila utaratibu hutoa bila utaratibu. Maji asinyimwe.

Pili, mpeleke mahali pale pale kila siku na kwa neno lile lile. Sisi husema "Haya kazi." Harufu ya jana humkumbusha wajibu wa leo. Simama kimya, usicheze naye. Amalizapo, msifu papo hapo na umpe kipande kidogo cha nyama au samaki. Ukingoja mpaka mrudi ndani, atadhani anasifiwa kwa kurudi. Tena usimwingize ndani dakika ile ile ya kumaliza, asije akajifunza kwamba kukojoa ndio mwisho wa matembezi.

Tatu, mwangalie. Akiacha mchezo ghafula, akainusa sakafu na kuzunguka zunguka, mchukue mbio. Wakati huwezi kumwangalia, mweke katika sanduku la mbao lenye matundu ya hewa na tandiko safi, la kutosha kusimama, kugeuka na kujinyosha tu. Mbwa kwa tabia hapendi kuchafua alalapo. Lakini sanduku si gereza: asikae humo kupita uwezo wa kibofu chake, la sivyo atalazimika kuchafua, na ukishamvunja tabia hiyo ni vigumu kuirudisha.

Nne, ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja na umtoe nje. Ukikuta amekwisha kumaliza, nyamaza na ufute. Hawezi kuunganisha hasira yako ya sasa na tendo la dakika kumi zilizopita. Ufito na kusugua pua havimfundishi mahali; vinamfundisha kujificha, na anayejificha ndiye atakayemtelezesha mgonjwa gizani.

Tano, safisha vizuri. Kausha kwa tambara, osha kwa sabuni na maji, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa ili kuua harufu. Usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa kuwa kwa pua ya mbwa hiyo inakaribiana na harufu ya mkojo, nawe utakuwa umemwekea alama arudie. Na jihadhari: usichanganye kamwe siki wala amonia na maji ya klorini ya kung'arishia nguo, huzaa hewa ya sumu.

Sita, afya. Vitoto vya mbwa huwa na minyoo ambayo huweza kuwaingia watoto wetu. Basi mpe dawa ya minyoo kama daktari atakavyoelekeza, kinyesi kitupwe chooni au kifukiwe, na watoto wanawe mikono. Chanjo ya kichaa cha mbwa isisahauliwe hata kama mbwa ni mdogo wa kuenea kiatuni, maana takriban watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani huambukizwa na mbwa. Na ikiwa mbwa aliyekwisha kushika adabu ataanza ghafula kukojoa ovyo, usimkaripie. Huenda ana maradhi ya kibofu. Mpeleke akaangaliwe.

Mtauliza, je, majuma mawili yalitosha? Hayakutosha. Siku ya mwisho ya ahadi Tembo alilowesha zulia mbele ya mume wangu, nasi tukadhani yamekwisha. Mzee akaomba daftari lisomwe tena. Juma la kwanza makosa yalikuwa 19. La pili yalikuwa 8. Mume wangu alizitazama tarakimu zile kwa muda, kisha akasema, "Basi tuendelee." Siku za mvua ndizo zilizotusumbua zaidi, kwa kuwa tumbo la Tembo liko karibu mno na nyasi na hapendi baridi. Tulimwezekea pembe ya ua kwa bati kuukuu, akakubali. Usiku ilikuwa kazi ya mzee. Aliposikia kibofu chake kimemwamsha, alichukua kurunzi na fimbo, akampitia Tembo sandukuni, wakatoka pamoja, kila mmoja kwa haja yake. Ilipofika juma la sita tulimaliza siku saba bila tone ndani.

Juma lililopita mzee alirudi kwao milimani, macho yakiwa na nafuu na mkono umepona. Usiku ule wa kwanza sote tulilala fofofo. Asubuhi nilikuta maji mbele ya mlango wa chumba alichokuwa akilala mzee. Tembo alikuwa amelala kando yake, pua imeelekea uwazi wa chini ya mlango. Alikuwa amemngoja mwenzake wa saa 9, na hakuna aliyeamka.

Nilifuta bila kusema neno. Binti yangu alichukua daftari akaandika kosa moja. Kisha akaniuliza aliandike kwa jina la nani. Nilimwambia aandike jina langu. Tangu usiku huo ninaamka mimi. Si raha, hasa mvua inaponyesha, lakini Tembo anaendelea kukua, na siku moja atalala mpaka asubuhi. Chumba cha mgeni nacho kimekwisha kuwekewa taa ya kudumu, kwa maana mzee ameahidi kuja tena baada ya mavuno.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutayarudia mahindi yetu. Kwaherini.