Msimu wa Gofu Hauchezwi kwa Siku Moja

Kuna ndugu zetu ambao wakisikia neno gofu hugeuza uso. Hatuwalaumu. Mchezo huo uliletwa na wakoloni, ukachezwa katika klabu ambazo Mwafrika aliziingia kwa mlango wa nyuma, naye aliingia ili abebe mkoba wa fimbo au afyeke nyasi. Mwaka 1967, mwaka ambao sisi tulitangaza Azimio la Arusha, majirani zetu wa Kenya walianzisha mashindano yao ya wazi ya gofu. Yakawa sehemu ya msafara wa wachezaji wa kulipwa kutoka Ulaya, waliokuja Afrika kukimbia baridi ya kwao na kuchuma fedha Nijeria, Kenya na Zambia. Mhispania Ballesteros alishinda Nairobi mwaka 1978, na Woosnam wa Wales akashinda mwaka 1986. Wenyeji walibeba mikoba.

Lakini abebaye mkoba ana macho. Kijana anayemfuata bwana wake mashimo 18 kila siku hujifunza upepo, mteremko wa nyasi na tabia ya kila fimbo, wala hapana anayemlipisha karo. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki wametoka katika chuo hicho. Mwaka 1998 Mkenya Jacob Okello alikaribia kulitwaa taji la nchi yake. Alishindwa na Ricardo González wa Argentina baada ya wawili hao kulingana na kulazimika kuongeza mashimo. Tangu 1967 hadi mashindano ya 2025, hakuna mwana wa Kenya aliyelitwaa taji hilo.

Wakenya walijiuliza sababu, nasi twaona jibu lao lilikuwa la busara. Hawakusema vijana wao hawana kipaji. Walisema vijana hao hukaa mwaka mzima bila kushindana, kisha hutupwa wiki moja mbele ya watu wanaoshindana kila wiki. Kwa hiyo mwaka 2017 waliunda msafara wao wa Safari, wenye vituo kadhaa katika msimu mmoja, na matokeo ya vituo vyote yakahesabiwa pamoja. Waliokuwa juu ya orodha mwishoni mwa msimu walipata nafasi katika mashindano makubwa. Milango ilifunguliwa kwa majirani pia, na Mzimbabwe Robson Chinhoi akaja akashinda zaidi ya mara moja.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Orodha ya msimu ni hesabu ya kujumlisha. Mchezaji aliyehudhuria vituo vyote anajumlisha. Aliyehudhuria viwili kwa sababu nauli ilimwishia anabaki chini, hata kama mkono wake ni bora. Tena katika mashindano makubwa ya siku nne, yaani mashimo 72, hufanywa mchujo baada ya mashimo 36, na anayechujwa kwa kawaida harudi na hata senti. Nauli amelipa, malazi amelipa, ada ya kujiandikisha amelipa, na mbeba mkoba wake anataka ujira, naye ana haki nao. Ni mfanyakazi gani mwingine anayelipa ili aende kazini, kisha akarudi mikono mitupu? Mwenye mali huvumilia hasara hiyo mara tano. Mtoto wa mchuma chai haivumilii hata mara mbili.

Nchini kwetu hatukulala. Mwaka 2024 ulianza msafara wa kumkumbuka marehemu Lina Nkya, mwanamke aliyeupenda na kuutumikia mchezo huu, na wachezaji wa kulipwa wakashindana pamoja na wa ridhaa walio hodari. Ulipita Moshi, Morogoro, Arusha na Dar es Salaam. Tunawapongeza walioubuni, tena tunapenda kuona jina la mwanamke juu ya msafara ambao wengi wa washindani wake ni wanaume.

Sasa tuutazame mkoa wetu. Kutoka Tanga hadi Mombasa, kwa njia ya Horohoro, ni karibu kilomita 180. Kwenda Dar es Salaam ni karibu mara mbili ya hizo. Viwanja vya Nyali na Vipingo vilivyopokea msafara wa Safari viko pwani hii hii, na Vipingo ni nchi ya mkonge kama ilivyo Ngomeni yetu. Chai ya Tanzania, na ya milima hii ya Amani imo, kwa miaka mingi ilipelekwa Mombasa ikapate bei mnadani, wala hatukuona ajabu. Kwa nini tuone ajabu kijana wa Muheza au wa Tanga mjini akienda huko huko kuuza ujuzi wake?

Desturi yetu, pale tunaposaidia, ni kumpa mchezaji fulana na nauli ya mashindano mamoja, tukapiga picha naye, basi. Msaada huo humfikisha kituo cha kwanza na kumwacha hapo. Viwanda vya saruji, mashamba ya chai na ya mkonge, pamoja na bandari, vingeweza kuchangia mfuko mmoja, wakachaguliwa vijana wawili tu, na hao wawili wakalipiwa msimu mzima, wachujwe wasichujwe. Wachaguliwe kwa mashindano ya wazi, ambayo wabeba mikoba wenyewe wataruhusiwa kuyaingia. Wasichaguliwe kwa kujuana. Klabu nazo zitenge siku ya juma ambayo wabeba mikoba wanacheza bila malipo, na ujira wao uandikwe katika mkataba, usiachiwe hisani ya bwana wa siku hiyo.

Maofisa michezo wa mkoa na wa wilaya waitishe kikao cha wahusika hao mapema, ratiba za msimu zisijazo zikiwa bado mezani. Fedha ya kituo cha mwisho iwe imekwisha wekwa kabla kijana hajapanda basi la kwenda kituo cha kwanza.