Kufunga si dawa ya unene

Je, mama, wiki hii umefunga ili uombe, au ili lile gauni la harusi likutoshe? Usikasirike. Nauliza kwa sababu kila Januari akina mama wengi makanisani huingia katika mfungo wa Danieli, wakila mboga na kunywa maji, huku jicho liko kwenye mizani.

Hebu fungua tena Danieli sura ya 1. Baada ya siku 10 za mboga na maji, vijana wale walionekana wamenenepa kuwashinda wenzao waliokula chakula cha mfalme! Hawakuwa wakitafuta kiuno chembamba.

Unene wenyewe si jambo la mzaha. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito kupita kiasi, na huo huleta kisukari na shinikizo la damu. Lakini hauji kwa wiki moja. Huja na chai ya vijiko vitatu vya sukari, mandazi ya baada ya ibada na mlima wa ugali usiku. Ugali uwe robo ya sahani, sukuma wiki au kunde nusu, maharagwe au samaki robo iliyobaki. Kila siku, si Januari tu.

Nawe unayetumia dawa za kisukari, usifunge kabla ya kumwona daktari. Sukari yaweza kushuka ghafla ukazirai ungali umepiga magoti. Na mtu yeyote asikwambie kwamba kumeza tembe ni kukosa imani.