Tuchague Majina Tunayoweza Kuyataja kwa Sauti

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja jirani na kituo cha daladala, nikisubiri kutoa fotokopi. Mbele yangu alisimama binti aliyekuja kutuma maombi ya kazi. Kijana wa steshenari alikuwa anamjazia fomu kwenye kompyuta: jina lake, la baba, la babu, tarehe, shule. Alipofika kwenye barua pepe akauliza, "Dada, imeili yako?"

Binti akainamia kaunta, akanong'ona. Kijana hakusikia. Mashine ya fotokopi inaunguruma, nje konda anaita abiria. "Sema kwa sauti, dada, kuna kelele."

Jina likasikika, na foleni nzima tukalisikia: Mtoto Mzuri wa Mama, andaskoo, sifuri sita.

Watu walitabasamu, ila hakuna aliyecheka kwa ubaya. Binti mwenyewe akacheka. "Nilifungua zamani," akasema, "nikiwa kidato cha pili."

Nani kati yetu hana la kwake? Anwani yangu mimi ya kwanza sikuichagua. Nilichaguliwa na kijana wa intaneti kafe, akaweka mwishoni tarakimu nne ambazo mpaka leo sijui alizitoa wapi. Nenosiri alilijua yeye kabla yangu. Wakati ule tuliona ni kama namba ya foleni, kitu cha kupitia tu. Hatukujua kwamba tutaishi nacho.

Leo naomba tukae kidogo, kama watu wa nyumba moja, tuzungumze kuhusu majina haya: jina la barua pepe, la Instagram, la TikTok, la X, la LinkedIn. Ni jambo dogo. Lakini ni nani leo anayetafuta fundi, mwalimu wa tuisheni au mpishi wa shughuli bila kuandika jina kwenye simu kwanza?

Hata ile alama ya @ ina historia yake. Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alikuwa anatafuta namna ya kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Akachagua alama hiyo itenganishe mambo mawili: mtu ni nani, na anapatikana wapi. Mpaka leo kazi yake haijabadilika. Upande wa kulia ni mtaa. Upande wa kushoto ni wewe. Je, umejiandikaje hapo?

Wazee wetu waliujua uzito wa jina kabla ya kompyuta. Kule Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Alipokua na sauti yake ikajulikana, watu wakamwita Siti, jina la bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na jina lililobaki midomoni mwa watu tangu hapo ni Siti binti Saad. Jina la kwanza alipewa na wengine. La pili lilikuja pamoja na kazi yake.

Na vijana wetu je? Joseph Mbilinyi aliingia kwenye muziki wa kizazi kipya akiitwa 2 Proud, baadaye akawa Mr. II, kisha Sugu. Wapiga kura wa Mbeya Mjini walipomchagua kuwa mbunge mwaka 2010, jina lake lilikuwa Sugu, neno la silabi mbili ambalo bibi sokoni analitaja bila kuuliza linaandikwaje.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Tuchague majina ambayo mtu anaweza kuyataja kwa sauti, na anayesikia akayaandika bila kukosea.

Jaribu hivi. Ukiwa kwenye daladala iliyojaa, mpigie ndugu yako umwambie jina lako la mtandaoni. Amelipata mara ya kwanza? Au umelazimika kusema "hapana, zedi mbili, halafu nukta, halafu kile kistari cha chini, si cha katikati"? Kama umefika huko, jina hilo linakufanyisha kazi badala ya kukufanyia kazi.

Kiswahili kimetupa bahati: tunaandika kama tunavyotamka. Lakini majina yetu yana njia zaidi ya moja. Wa Bara anaandika Hamisi, wa Visiwani anaandika Khamis. Kuna Mariamu, Mariam na Maryam. Je, la kwako limeandikwaje kwenye cheti? Liandike hivyo hivyo mtandaoni. Mwajiri akiweka cheti chako na anwani yako kwenye meza moja, aone mtu mmoja.

Tena liwe fupi. Mtandao wa X, uliozaliwa mwaka 2006 ukiitwa Twitter, unakubali herufi 15 tu. TikTok inakubali 24, Instagram 30. Tuseme unaitwa Mwanahamisi Abdulrahman. Jina hilo lina herufi 22. TikTok na Instagram litaingia, X halitaingia. Lakini mwanahamisiabdu ni herufi 15 kamili, na linaingia kote. Ukiwa na jina moja kila mahali, aliyekujua huku atakupata na kule.

"Lakini baba, jina langu limeshachukuliwa!" Naam, akina Juma Hamisi ni wengi, na wote ni watu wazuri. Kabla hujaweka tarakimu, ongeza neno. Tuna desturi nzuri ya majina matatu; mchukue babu. Au chukua kazi yako: jumaseremala, mwalimurehema. Neno linakumbukwa, tarakimu zinasahaulika. Na wa Gmail, jueni kwamba nukta hazihesabiwi pale: juma.hamisi na jumahamisi ni sanduku moja, kwa hiyo kuongeza nukta hakutakupa jina jipya.

Kuna vitu ningeomba tusiviweke kabisa. Mwaka wa kuzaliwa ni kimoja. Benki na kampuni za simu hukuuliza huo wanapotaka kuhakikisha kwamba ni wewe. Kwa nini umpe kila mpita njia? Namba ya simu ni kingine. Jina la kampuni unayofanyia kazi ni cha tatu, maana kazi huhama na jina hubaki.

Na timu? Najua mapenzi yetu. Lakini fundi cherehani akijiita Mnyama Damu, mteja wa Yanga atapita mlango wa pili. Jezi ivae Jumamosi. Jina la kazi liachie watu wote.

Simsahau anayetaka kuandika kwa jina la kupanga kwa sababu zake za heshima. Ni haki yako, ndugu. Nalo lipite kwenye mtihani ule ule: siku likijulikana kuwa ni lako, je, utalitaja ukiwa umeinua kichwa?

Sasa tuje nyumbani.

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanafungua akaunti mapema. Facebook, Instagram na TikTok zimeweka umri wa chini kuwa miaka 13. Siku hiyo ikifika, usimwachie peke yake. Kaa naye, chukueni chai, mchague pamoja. Mweleze kwamba jina la mtoto si kama la mtu mzima: halitaji shule yake, mtaa wake wala umri wake. Muulize, "Jina hili utalipenda ukiwa chuo?" Atacheka, kisha atafikiri. Ukimkuta ameshajipa jina la ajabu, usimgombeze. Sisi tulijiita zaidi ya hayo, ila yetu tuliyaandika kwenye kuta za darasa na yakafutwa na chokaa.

Na wazee wetu je? Nani amemfungulia mama akaunti ya simu yake? Mara nyingi ni kijana wa dukani, kwa haraka, kwa jina lolote lililokubali. Wewe mwanawe, mjukuu wake, tenga nusu saa. Mfungulie kwa jina lake la kweli. Nenosiri aliandike kwenye daftari lake la nyumbani, wala lisibaki kichwani mwa mtu baki. Mwoneshe pia namna ya kutazama jina kwa makini, maana matapeli hupenda kubadilisha herufi moja tu: sifuri mahali pa O, au herufi moja kuwa mbili. Mama akijua jina lako lilivyo hasa, atamshtukia asiye wewe.

Na ninyi vijana wa steshenari, mnatusaidia sana. Nani angetujazia fomu za mkopo wa chuo na maombi ya kazi? Nawaomba jambo moja tu. Mteja akikwambia "nifungulie imeili", mgeuzie kibodi. Achague jina mwenyewe, aandike nenosiri mwenyewe, nawe utazame pembeni. Ni dakika tatu, na umempa mtu ufunguo wa nyumba yake.

Kazini nako kuna la kufanya.

Namfahamu mama mmoja mshonaji, mikono yake ni dhahabu. Kibao chake kina jina la Instagram lenye vistari vya chini vinne, neno la kusema yeye ndiye halisi, na tarakimu mbili mwishoni. Nilisimama pale nikamtazama mteja akiliandika kwenye simu. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu likatokea duka la mtu mwingine, naye akaanza kulitazama na kupenda magauni yake. Mama yuko ndani anapiga pasi, hana habari.

Tunaposema chema chajiuza, tukumbuke kwamba lazima kionekane kwanza. Jina la kibaoni, la mtandaoni na lile linalotokea mteja anapolipa kwa simu yakikaribiana, mteja habaki na wasiwasi. Unajua mwenyewe jinsi kidole kinavyosita juu ya namba ya siri pale jina lisilofanana linapotokea.

Kwenye vikundi vyetu, vikoba, shule, kamati za msikiti na kanisa, tusifungue akaunti ya wote kwa jina la mmoja. Katibu akihama, anwani inahama naye, bila nia mbaya kabisa. Anwani iitwe kwa kikundi au kwa cheo, na funguo zake zijulikane na watu wawili au watatu wa kuaminika. Biashara iliyokua inaweza pia kusajili jina lake lenye .co.tz, ili barua zake zitoke nyumbani kwake yenyewe.

Na kama jina ulilonalo halikufai tena? Usione haya, wala usifute kwa hasira. Fungua anwani mpya ya barua pepe, weka ya zamani ikutumie barua zake kwenye mpya, na uiache hai, kwa sababu benki, chuo na pengine ofisi nyingine bado zinaijua. Kwenye Instagram na X unaweza kubadilisha jina bila kupoteza wanaokufuata. Ila jina unaloliacha linaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo watangazie watu wako, na ubadilishe kibao na kadi siku hiyo hiyo. LinkedIn nayo hukupa anwani yenye tarakimu nyingi mwishoni. Ingia kwenye mipangilio uzitoe, libaki jina lako.

Yule binti wa steshenari, mnataka kujua aliishiaje? Kijana alimgeuzia kibodi bila kuombwa. Binti akafikiri, akaandika jina lake na la babu yake, yakakubali. Kijana akauliza tena kwa ajili ya fomu, na safari hii aliye nyuma kabisa ya foleni alisikia vizuri. Mzee mmoja akasema, "Jina zuri hilo, mwanangu. Mungu akujalie kazi."

Ndugu zangu, leo usiku, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, kusanyikeni sebuleni. Kila mmoja ataje jina lake la mtandaoni kwa sauti, mbele ya baba, mama, shangazi na mgeni kama yupo. Likitoka bila kunong'onwa, litunze. Likikwama kooni, kesho libadilishe.