KIFURUSHI KIKIRUDI KWA ALIYEKITUMA, ASIKATWE MSHAHARA KARANI



Mwisho wa mwezi uliopita ndugu yetu mmoja wa zamu ya usiku alipokea karatasi yake ya mshahara akakuta shilingi 3,200 zimekatwa. Hakuwa na mkopo, wala hakukosa kazini hata siku moja. Alipokwenda kwa msimamizi kuuliza, aliambiwa, "Ni zile za kifurushi kilichorudi Mombasa." Basi. Hakuonyeshwa karatasi, hakuulizwa neno, wala mjumbe wa chama hakuitwa. Kampuni yenyewe siitaji hapa. Wahusika watajijua wakisoma.

Nimeona heri nieleze habari ya kifurushi hicho tangu mwanzo, kwa kuwa jambo hili lawapata makarani wengi wa kuchambua vifurushi, na wengi wao hulipa wakanyamaza wakidhani kosa ni lao.

Mfanya biashara mmoja wa Mombasa alitia jozi mbili za viatu vya shule katika katoni akazituma kwa mama mmoja Kisumu. Gari lilichukua mzigo usiku ule ule hadi Nairobi, mahali ambapo vifurushi vya kila upande huchambuliwa. Baada ya siku tisa tarishi alibisha hodi dukani kwa yule yule mfanya biashara, akamwomba atie sahihi apokee mzigo wake. Yule bwana alifurahi, akidhani ni bidhaa alizoagiza. Alipofungua akaona viatu vyake mwenyewe. Huko Kisumu shule zilikuwa zimekwisha funguliwa, na mama yule alikuwa amedai fedha zake zirudishwe.

Simlaumu mfanya biashara kwa hasira yake. Mimi pia ningalikasirika. Lakini hasira ile ilipanda ngazi mpaka kwa mabwana wakubwa, ikageuka, ikashuka ngazi moja moja, na kila aliyeipokea akampa wa chini yake, hata ikamfikia mtu ambaye hakuwa na wa kumpa.

Sasa, kifurushi kilirudije? Tuliitafuta ile katoni tukaiona. Ilikuwa katoni ya zamani. Mwanzo ilimfikia mfanya biashara ikiwa na bidhaa zake kutoka Nairobi, na ubavuni ilikuwa bado na lebo ya safari ile, yenye jina lake, mji wake na ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Lebo mpya ya Kisumu ilibandikwa juu. Katoni ilipopita mbele ya skana kwa ubavu, skana ilisoma lebo ya zamani, ikasema Mombasa. Ndugu yetu akaitia katika gunia la Mombasa. Mashine haikuharibika, ilisoma ilichoonyeshwa. Naye karani alitii amri aliyopewa siku ya kwanza ya kazi: skana ikisema, usibishane nayo, mzigo ni mwingi.

Hapa ndipo penye uchungu. Karani akisimama kugeuza kila katoni na kusoma anwani kwa macho, ataulizwa kwa nini hesabu yake ya usiku ni ndogo. Asiposimama, atakatwa mshahara. Nani anayeweza kufanya kazi hivyo bila kupata hasara upande mmoja au mwingine?

Liko jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui. Namba ya mji wa Kisumu ni 40100. Namba ya Mombasa ni 80100. Tofauti ni tarakimu moja tu, ya kwanza. Mtu akiandika kwa haraka kalamu ikaruka, au karani wa dirishani akabonyeza vibaya, mzigo wa Mombasa kwenda Kisumu unakuwa mzigo wa Mombasa kwenda Mombasa, na hakuna kengele itakayolia. Tazama jinsi mambo yalivyo kinyume. Vifurushi vinavyovuka mipaka kwa posta huwa na namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, na za kwetu ni KE. Ile tarakimu ya tisa ni askari: hupatikana kwa hesabu kutoka zile nane za mbele yake, na mtu akikosea moja, mara nyingi mashine hukataa. Yaani namba ya kukitambua kifurushi ina mlinzi, lakini namba ya kukipeleka mjini haina. Mlinzi wake ni macho ya karani saa nane za usiku.

Tusichanganye mambo, maana si kila kifurushi kinachorudi kimerudi kwa makosa. Mwenyewe amehama, au amekataa kulipa, au hakuja kuchukua; hapo kukirudisha ni kazi iliyofanywa sawasawa. Katika Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, kitu kinachorudishwa hubandikwa karatasi ndogo iitwayo CN 15, na karani hutia alama kwenye sababu. Kile cha viatu hakikuwa na alama yo yote. Hapakuwa na mtu aliyeamua kukirudisha. Kilikwenda tu.

Matajiri husema kwamba karani asipoadhibiwa atazembea. Tusijidanganye, wako wenzetu wachache wanaorusha mizigo bila kuitazama, na mimi binafsi sitasimama kumtetea mtu wa namna hiyo. Lakini sheria imekwisha weka mpaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. La kusudi, ndugu zangu. Anayetii skana aliyopewa na kampuni ana kusudi gani? Tena viatu havikupotea wala kuharibika. Vipo, vimekaa dukani Mombasa, vipya kama vilivyoondoka. Na kama matajiri wanafikiri kosa ni kubwa kiasi cha kumwachisha mtu kazi, kifungu cha 41 chawataka wamweleze kwanza sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama chumbani. Ikiwa kabla ya kumfukuza mtu lazima asikilizwe, ni aibu kumkata bila kumwuliza hata swali moja.

Kwa maoni yangu chama kisiende kwa mabwana kuomba huruma. Kiende na mambo ambayo hayana gharama kubwa. Kila dirisha la kupokea vifurushi lipewe karatasi za gundi za kufunika lebo za zamani, na karani wa dirishani apewe nafasi ya kuzungusha katoni mara moja kabla ya kuipokea. Kompyuta ifundishwe kusimamisha mzigo wo wote ambao mji wa kutoka na mji wa kwenda ni mmoja, mpaka mtu autazame. Vifurushi vya mjini kwa mjini vipo, lakini hivyo vingeweza kuwa na gunia lao. Na kifurushi kikirudi bila sababu kuandikwa, iulizwe kwanza njia kilikopita, ndipo iulizwe mikono.

Nasi pia hutuma vitu nyumbani, basi tusiwatese wenzetu. Bandua lebo za zamani zote, au zipake wino hata zisisomeke. Anwani yako wewe iandike kwa herufi ndogo juu upande wa kushoto, na ya mpokeaji kwa herufi kubwa katikati. Usiandike sanduku la posta bila mji na namba ya mji, maana S.L.P. 120 yaweza kuwa Nakuru, na yaweza kuwa Mombasa. Tia namba ya simu ya mpokeaji, na ndani ya mzigo weka karatasi nyingine yenye anwani hiyo hiyo.

Ndugu yetu wa zamu ya usiku amekubali jambo lake lipelekwe mbele. Mwingine ye yote aliyekatwa kwa kifurushi kilichorudi ailete karatasi yake ya mshahara kwa mjumbe wa chama katika zamu yake, pamoja na namba ya kifurushi ikiwa anayo. Kama katoni bado ipo, asiache itupwe.

Karani wa Kuchambua, Nairobi