Mtoto anakwenda kulala mlimani? Baridi ya Uluguru haitaki mzaha

Mzazi wa Morogoro akisikia neno baridi, mawazo yake yanakwenda Njombe au Makete. Sisi wa mji kasoro bahari tumezoea joto. Ndiyo maana mtoto akileta barua ya kuomba ruhusa ya kulala mlimani na wenzake, begi lake hufungwa fulana mbili, kaptura na shuka, basi.

Wiki hii nazungumzia safari ya aina moja ambayo baridi yake ni ya ujanja: safari ya redio.

Wapo watu wanaoitwa wanaredio wa ridhaa. Wanazungumza na wenzao wa mbali kwa redio zao wenyewe, kwa mapenzi tu na si kwa biashara. Hapa nchini leseni zao hutolewa na TCRA, na majina yao ya hewani huanza na 5H. Skauti nao kila Oktoba wana mkutano wao wa hewani, JOTA, ambapo vijana huongea na skauti wa nchi nyingine.

Wanaredio hawa wana mashindano ya nje. Maarufu zaidi ni Field Day ya Marekani na Kanada, iliyoanza mwaka 1933 na hufanyika wikiendi ya nne kamili ya Juni. Vikundi hubeba redio, antena, betri na jenereta hadi porini, kisha hujaribu kuwapata wenzao wengi kadiri iwezekanavyo, usiku na mchana. Lengo ni kujizoeza kwa siku ambayo umeme na mitandao ya simu itakatika. Ipo pia ya majira ya baridi, Winter Field Day, mwishoni mwa Januari.

Kwa saa zetu, ile ya Juni huanza saa 3 usiku Jumamosi. Juni ndiyo kipupwe kinaanza. Na wanaredio hupenda sehemu za juu, kwa sababu huko mawimbi hayazuiwi na vilima. Kijana wa Morogoro anayetaka kuwajibu wenzake wa ng'ambo atatazama wapi kama si Uluguru?

Jasho kwanza, baridi baadaye

Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Morningside ni kama mita 1,300, na kilele cha Lupanga ni mita 2,138. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Alfajiri ya Juni mjini kukiwa na nyuzi 16, Lupanga kunaweza kuwa na nyuzi 6 au 7. Ongeza upepo na ukungu.

Sasa fikiria safari yenyewe. Kijana anapanda saa kadhaa na betri mgongoni. Anatoka jasho, fulana inalowa chapachapa. Akifika anakaa. Kazi ya redio ni ya kukaa: vipokea sauti masikioni, kalamu mkononi, macho kwenye daftari. Mwili uliokuwa unatengeneza joto kwa kutembea umetulia, na nguo mbichi inaendelea kunyonya joto lililobaki. Anayecheza mpira kwenye baridi ileile hasikii kitu. Anayekaa ndiye anayeumia.

Hapo ndipo mwili unaweza kushuka chini ya nyuzi 35 kutoka 37 za kawaida. Si lazima kuwe na barafu. Maji, upepo na kukaa tuli vinatosha. Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima kwa sababu miili yao ni midogo.

Dalili za kuangalia

Mwanzo ni kutetemeka na vidole kuwa vizito. Kisha anadondosha vitu, anajikwaa, maneno hayatoki vizuri, anakuwa mkali au mzito wa kujibu. Kwenye redio dalili hizi huonekana mapema: mwandiko unaharibika, anakosea namba alizokuwa anazipata vizuri. Mtoto akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na amezubaa, hiyo ni hatari kubwa, si nafuu.

Mtoeni kwenye upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa, kifua na tumbo kwanza, na awekwe juu ya mkeka au turubai, si ardhi tupu. Akiwa macho na anameza vizuri, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimsogeze karibu na moto mkali, na pombe isiguswe. Akichanganyikiwa au akisinzia, abebwe taratibu apelekwe hospitali.

Jiko lisiingie hemani

Baridi ikikaza, mtu hupata wazo la kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema, au kuwasha jenereta mlangoni ili mvua isiilowanishe. Vyote hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Watu wawili au watatu wa hema moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, wote watoke nje hapohapo.

Mwenye selimundu au pumu

Tanzania ni kati ya nchi zenye wagonjwa wengi wa selimundu duniani, na baridi ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu yake makali. Kuchoka na kutokunywa maji ya kutosha huongeza tatizo. Mtoto wa aina hii aongee na daktari wake kabla hujasaini barua. Anaweza kushiriki kwa namna nyingine: redio ileile inaweza kufungwa shuleni, naye akawa ndiye anayepokea taarifa za walio mlimani. Mwenye pumu asiondoke bila dawa yake ya kuvuta, na kiongozi ajue iko mfuko gani.

Muulize kiongozi maswali haya

Nani anaangalia hali ya watoto usiku, mbali na anayeongoza mashindano? Zamu ya kukaa kwenye redio ni ya muda gani? Isizidi saa moja, kisha mtoto atembee, ale na anywe kitu cha moto. Mtatoa taarifa nyumbani saa ngapi, na kwa njia gani kama simu haishiki mtandao? Mgonjwa atashushwa kwa njia ipi, na gari litamsubiri wapi? Namba 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi ziandikwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzimika.

Kiongozi asiyeweza kujibu hajajiandaa, hata kama antena yake ni ndefu kuliko mnazi.

Kwenye begi, weka seti nzima ya nguo kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, na mwambie asiiguse mpaka afike juu. Weka sweta la sufu au jaketi zito la mitumba, kofia, soksi jozi mbili, koti la mvua na chupa ya chai. Akifika, kabla hajagusa redio, abadilishe fulana.