UCHUMBA SI NDOA: MANENO KUHUSU PICHA ZA VILIMANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu Waislamu, leo tuzungumze kuhusu hizi picha za wachumba.

Vijana wetu wanaona kwenye simu picha zilizopigwa jangwani kule Dubai: mchanga mtupu, jua linazama, bwana na bibi wameshikana, shela linapepea. Sisi Kasulu na Kibondo hatuna jangwa. Lakini kiangazi kikishika, nyasi za vilimani zikikauka na vumbi jekundu likitanda, anayetaka mahali peupe penye jua la jioni anapapata bila kupanda ndege. Basi mpiga picha analipwa, bodaboda zinapanda kilimani, na wachumba ambao akdi yao bado wanapigwa picha za mtu na mkewe.

Kilima hakina kosa, ni uumbaji wa Allah. Na kuhusu kamera yenyewe, maulamaa wamekhitalifiana. Wapo waliokataza picha zote, na wapo walioona kamera inanasa tu kivuli cha alichoumba Allah, kama kioo. Tusigombane hapo. Swali langu ni moja: hawa wawili, siku hiyo ya picha, ni nani kwa nani?

Ni ajinabi. Posa imekubaliwa, wazee wamekaa, pengine hata mahari imetolewa yote. Lakini bila walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, huyo binti bado si mke wa mtu.

Mtaniuliza: "Sheikh, si Uislamu unaruhusu mchumba kuonwa?" Ndiyo. Mughira bin Shu'ba, Allah amridhie, alipoposa, Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza akamwone mwanamke, kwa kuwa hilo husaidia mapenzi yao kudumu. Lakini ruhusa ya kuona si ruhusa ya kushika, wala ya kuondoka naye kwenda kilimani bila maharimu.

Sasa tazameni kazi yenyewe inavyokwenda. Mpiga picha hataki wakakamae kama wanapiga picha ya pasipoti. Anataka waonekane wa kawaida. Anawaambia: sogeeni, mshike kiuno, mnong'oneze acheke, jifanyeni mimi sipo. Huo ukawaida unatoka wapi? Ama wamekwisha kuzoeana kabla ya ndoa, ama wanafundishwa kuzoeana hapo hapo mbele ya mwanamume wa tatu. Na ule mkakamao wa binti, ambao mpiga picha anauona kasoro ya kurekebishwa, mara nyingi ndiyo hayaa yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hayaa ni sehemu ya imani. Tunalipa pesa ili binti yetu aondolewe sehemu ya imani yake!

Kisha kuna jambo ambalo wazazi hawalifikirii: uchumba huvunjika. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya nchi yetu ina vifungu vya ahadi ya ndoa iliyovunjwa na zawadi kurudishwa. Kitenge kinarudi. Mbuzi anarudi. Picha je? Iko kwenye stetasi za marafiki, iko kwenye ukurasa wa mpiga picha anayetangaza biashara. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema, lakini picha iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu nani ataizungukia moja moja?

Na aibu inabaki kwa nani? Kijana anakwenda kuposa Buhigwe au Kakonko, hakuna anayemuuliza. Binti kila posa inayomjia inatanguliwa na ile picha. Kosa wamelifanya wawili, gharama analipa mmoja. Hiyo ni dhulma, na sisi wazazi tulioruhusu tuna fungu letu ndani yake.

Wenye ndoa nao wasidhani haya hayawahusu. Katika Suratul Baqara, aya ya 187, Allah amewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Vazi kazi yake ni kusitiri. Picha ya heshima, mavazi ya stara, kwa anayefuata kauli ya wanaoruhusu kamera, haina ubaya. Lakini mahaba yenu ni ya chumbani, si ya kuhesabiwa "like".

Ushauri wangu ni huu. Fungeni akdi kwanza. Akdi haihitaji ukumbi, inafungwa msikitini baada ya Alasiri, na karamu ikafuata mkijaaliwa. Baada ya hapo pandeni kilima mnachokitaka, na mpatane na mpiga picha mapema kwamba hatatoa picha yoyote bila idhini yenu. Wazazi, msiseme "wameshachumbiana" kana kwamba mmesema "wameshaoana". Na wewe mpiga picha Mwislamu, kabla hujapokea pesa, uliza swali dogo: akdi tayari? Riziki utakayoikosa kwa ajili ya Allah, Yeye ndiye Mwenye kuifidia.

Allah awasitiri mabinti zetu na vijana wetu, na awajaalie ndoa zenye utulivu na huruma. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.